Dondoo muhimu: Kioo cha kompyuta kinapogoma

Mkazi wa Bujumbura ambaye kompyuta yake mpakato imewaka, feni ikivuma na taa ya chaji ikimeta, ilhali kioo ni kiza kitupu, asiharakishe kuipeleka kwa mafundi wa Buyenzi kabla hajaitahini mwenyewe, kwani aghalabu ila huwa ndogo kuliko hofu aliyo nayo.

Kwanza aizime, achomoe waya wa umeme, na betri pia ikiwa ni ya kutoka, kisha abonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliosalia ndani utoke. Dawa hii, japo yaonekana kama hirizi, huzinusuru nyingi zilizoduwaa baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla.

Airudishie umeme na kuiwasha; isipofaa, azime taa za chumbani, amulike kioo kwa kurunzi kwa mshazari: akiona taswira hafifu, basi kioo ki hai, na kilichokufa ni mwanga wa nyuma yake. Halafu aiunge na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea safi huko, lawama ni ya kioo au ya utepe upitao kwenye bawaba, hususan ikiwa picha hucheza kila kifuniko kikisogezwa. Ikiwa badala ya kiza ni mistari, nayo ikionekana kote kuwili, yaelekea maradhi yamo katika ubao mkuu, na hapo gharama si haba.

Kabla ya kununua kioo kingine, asome namba iliyo mgongoni mwa kile cha zamani na ahesabu pini za kiungio, maana cha pini 30 na cha pini 40 havioani, hata ukubwa ukiwa ule ule.