Ubishi wa mashabiki wa The Sims: Tupime kwa mizani ipi?

Sisi tunaofundisha vijana wa sekondari tumezoea kuwasikia wakibishana juu ya timu za mpira. Lakini upo ubishi mwingine ambao wazazi wengi hawaujui, nao ni juu ya mchezo wa kompyuta uitwao The Sims. Mchezo huu ulianzia Marekani na huko ndiko wenye mashabiki wengi, pamoja na Ulaya, ingawa na vijana wetu wa mijini wanaufahamu. Mashabiki hao wamegawanyika makundi, na kila kundi linasema toleo lake ndilo mchezo na mengine ni upuuzi.

Pengine utauliza: jambo hili latuhusu nini sisi watu wazima? Latuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, ndani yake mna somo zuri la namna ya kupima hoja za watu wanaokhitilafiana. Pili, mna suala la fedha, na fedha za mtoto hutoka mfukoni mwa mzazi.

Mchezo wenyewe ni upi?

The Sims ni mchezo wa kuigiza maisha. Hauna goli wala mshindi. Mchezaji hupewa watu, nyumba na fedha kidogo, kisha huwaongoza kula, kulala, kuoga, kwenda kazini na kulipa bili. Watu hao huongea lugha ya kubuni iitwayo Simlish, ambayo hakuna mtu duniani aliyezaliwa nayo.

Aliyeubuni ni Mmarekani Will Wright wa kampuni ya Maxis. Mwaka 1991 moto mkubwa ulikumba vilima vya Oakland, California, na nyumba yake ikateketea pamoja na vilivyomo. Alipoanza kununua vitu upya akajikuta akijiuliza ni vipi hasa ambavyo binadamu anavihitaji. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Mwanzoni alikusudia mchezo wa kujenga nyumba tu, na watu wadogo waliwekwa humo ili kuonyesha kama nyumba ni nzuri au mbaya. Baadaye ikaonekana watu hao wanavutia kuliko nyumba zenyewe.

Toleo la kwanza lilitoka Februari 2000, likiuzwa na kampuni ya Electronic Arts iliyokuwa imeinunua Maxis mwaka 1997. Kufikia mwaka 2002 lilikuwa limeshika rekodi ya mauzo kwa michezo ya kompyuta.

Kuna jambo moja la kuzingatia katika toleo hilo. Vitu unavyonunua huharibika. Unanunua televisheni kubwa, inakufa, unaita fundi, unalipa. Kadiri vitu vinavyozidi ndivyo muda wa mwenye nyumba unavyoliwa na kuvihudumia. Wright mwenyewe alikusudia kuwatania wale wanaodhani kuwa vitu vingi ndiyo furaha. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili, tutalirudia.

Makundi matatu

Katika toleo la kwanza mtoto hakui na mtu mzima hazeeki. The Sims 2, lililotoka Septemba 2004, likabadilisha hayo. Mtu anazaliwa, anakua, anazeeka na kufa. Mtoto anafanana na wazazi wake. Kila mtu ana kumbukumbu, ana anayoyatamani na anayoyaogopa. Wapenzi wa toleo hili wanasema maisha bila matokeo si maisha: ukimkosea mwenzako leo, kesho anakumbuka. Tena lilikuwa na hadithi zake. Bella Goth, mke wa Mortimer, aliyejulikana tangu toleo la kwanza, akawa ametoweka mjini kwake, na mashabiki wakabishana miaka mingi juu ya alikokwenda.

The Sims 3 likafuata Juni 2009. Hapa mji mzima uko wazi. Unatoka nyumbani, unakwenda sokoni au ufukweni bila kusubiri, na majirani wanaendelea na maisha yao hata usipowatazama. Kila kitu unaweza kukibadilisha rangi na nakshi utakavyo. Wapenzi wake wanasema huo ndio uhuru. Wapinzani wanajibu kuwa lilikuwa zito, linakwamisha kompyuta, na nyuso za watu wake zimevimba kama maandazi.

The Sims 4 lilitoka Septemba 2014, na hapo moto ukawaka. Mji ulio wazi uliondolewa. Mabwawa ya kuogelea hayakuwemo, na hata watoto wadogo wanaojifunza kutembea hawakuwemo. Mabwawa yaliongezwa Novemba mwaka huohuo, na watoto hao Januari 2017, vyote bila malipo. Hata hivyo, wanaolitetea wanazo hoja. Kujenga nyumba ni kwepesi mno, watu wake huonyesha hisia waziwazi, na linakwenda hata katika kompyuta ya kawaida. Tangu Oktoba 2022 toleo la msingi likawa la bure, na wachezaji wapya wengi wakaingia kupitia mlango huo.

Nani yuko sahihi?

Ukiwasikiliza kwa insafu utaona kuwa sehemu kubwa ya ubishi wao si ubishi. Mmoja anapima kwa matokeo ya vitendo, wa pili kwa uhuru, wa tatu kwa wepesi wa kujenga. Ni sawa na watu watatu wanaogombana juu ya nyumba ya kupanga, mmoja akitazama majirani, wa pili ukubwa wa vyumba, wa tatu kodi. Wanaweza kukesha na wasielewane, na bado kila mmoja akawa amesema kweli. Kwa hiyo hatua ya kwanza katika ikhtilafu yoyote ni kumuuliza mwenzako: wewe unapima kwa kipi?

Hatua ya pili ni kujihoji mwenyewe. Je, nalipenda toleo hili kwa ubora wake, au kwa kuwa ndilo nililolikuta nikiwa mdogo? Januari 2025, mchezo ulipotimiza miaka 25, toleo la kwanza na la pili yalirudishwa sokoni. Mwenye kutaka kusema juu yake anaweza kulionja mwenyewe badala ya kunukuu ya kaka yake.

Lakini tusije tukasema kila kitu ni suala la kupenda. Yapo madai yanayopimika, na moja ni hili la "bure".

Mchezo huu huuzwa pamoja na nyongeza: wanyama wa kufuga, majira ya mwaka, chuo kikuu na kadhalika. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, The Sims 4 lilikuwa na nyongeza kubwa 17, na bei ya kawaida ya kila moja ni takriban dola 40 za Marekani. Zidisha, unapata dola 680. Hapo hatujahesabu nyongeza za kati na ndogo, wala vile vifurushi vya takriban dola 5 vilivyoanza mwaka 2021. Aidha, wanyama wa kufuga wameuzwa mara nne, mwaka 2002, 2006, 2011 na 2017, mara moja kwa kila toleo. Aliyefuata matoleo yote manne amemlipia paka yuleyule mara nne.

Watetezi husema hakuna aliyelazimishwa, mchezo wa msingi unachezeka bila nyongeza, na kila toleo linahitaji kazi mpya ya mafundi wanaostahili ujira. Hoja hii ni nzito kwa mtu mzima mwenye mshahara wake. Kwa mtoto wa miaka 14 anayeonyeshwa kitu kipya kila baada ya muda, akiambiwa ni kidogo tu, uzito wake unapungua sana. Israfu haiji kwa dola 680 mara moja. Huja kwa dola tano tano.

Hapa turudi kwenye ile televisheni iliyoharibika. Mchezo uliozaliwa kutokana na swali la mtu aliyeunguliwa, kwamba tunahitaji vitu gani, umekuwa duka la vitu lisilofungwa. Makundi matatu yanagombea nani ana toleo bora, ilhali malalamiko haya ya bei utayasikia katika makundi yote.

Nawashauri wazazi wasianze kwa kupiga marufuku wasichokijua, wala wasitoe fedha kwa kuwa mtoto amelia. Kaa naye, mwambie akuonyeshe anachojenga. Kisha muulize maswali matatu: toleo ulilonalo limekuishia nini? Nyongeza unayoitaka inaongeza jambo gani ambalo huna? Na zile ulizonunuliwa mwaka jana, ngapi bado unazitumia? Kijana anayeweza kuyajibu maswali hayo kwa ukweli ataweza kuyajibu hata akiwa dukani, na hata siku atakapojenga nyumba ya matofali.