SOMO LA MEKANIKE: HAPANA KUHUKUMU KAPTERE MBELE YA KUCHUNGUZA TIYO



Mara hii tunajifunza juu ya magari ya zamani yenye turbo. Mara nyingi fundi anasema: «Kaptere imekufa, mununue ingine.» Mwenye gari anatoa feza nyingi, kitu kipya kinawekwa, na ugonjwa ungali pale pale. Juu ya nini? Kaptere ni kipimaji kidogo tu. Kazi yake ni kutoa habari kwa sanduku la umeme, lile tunaloliita ubongo wa motere. Kaptere ni shahidi. Na shahidi mwema anaweza kufukuzwa bure kama hatujatazama jambo lenyewe.

Mfano wetu ni Saab 900 Turbo 16 ya inchi ya Uswidi. Saab 900 za kwanza zilitengenezwa tangu 1978 mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Motere ya Turbo 16 iko na lita karibu 2 na valvu 16, na inakula esanse.

1. Turbo inafanya nini?

Moshi wenye kutoka kwa motere unazungusha gurudumu dogo. Upande wa pili wa chuma kile kile kuko gurudumu lingine lenye kusukuma hewa ndani ya motere. Alfred Büchi, mtu wa Uswisi, alipata haki ya uvumbuzi huu mwaka wa 1905. Hewa ikiwa nyingi, esanse nyingi inaweza kuungua, na nguvu inaongezeka.

Lakini sherti nguvu ya hewa iwe na mpaka. Kuko mlango mdogo wa kupitisha moshi pembeni ya gurudumu. Mlango huu unafunguliwa na kikopo chenye mpira na resore ndani. Hewa ya turbo inafika kwa kikopo kwa njia ya tiyo ndogo; ikishinda resore, mlango unafunguka. Resore peke yake inaachilia karibu bar 0,3 mpaka 0,4.

Ili kupata zaidi, Saab waliweka chombo kinachoitwa APC. Kiko na kaptere ya kusikia motere ikigonga, kaptere ya nguvu ya hewa, na valvu ya umeme yenye kupunguza hewa inayofika kwa kikopo. Motere ikigonga, APC inashusha nguvu ya turbo mara moja.

2. Hewa iliyohesabiwa na hewa isiyohesabiwa

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mbele ya turbo kuko kaptere ya hewa: uzi mwembamba wa platini wenye kupashwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupoza. Umeme unaohitajika kuuweka katika joto lake unaonyesha uzito wa hewa iliyopita. Ubongo unatoa esanse kwa kipimo hicho.

Sasa tuseme tiyo imepasuka. Kama ni katikati ya kaptere na turbo, hewa isiyohesabiwa inaingia: esanse inakuwa kidogo kuliko hewa, motere inatetemeka. Kama ni kati ya turbo na motere, wakati wa kukanyaga sana hewa iliyohesabiwa inatoka inje: esanse inazidi, moshi mweusi unatoka, gari linakosa nguvu. Na tundu likiwa nyuma ya kipepeo cha hewa, mambo yanageuka: motere ikienda polepole inavuta hewa ya wizi, ikisukumwa na turbo inaitoa inje. Katika haya yote kaptere ilisema kweli. Tiyo ndiyo yenye kosa.

3. Namna ya kuchunguza

(a) Zima motere, ngoja ipoe. Pindapinda kila tiyo kwa mkono. Ufa unajificha chini ya kolie. Tiyo yenye mashaka itolewe, izibwe ncha, ipigwe hewa kidogo ndani ya beseni la maji, sawa tunavyofanya na mpira wa kinga.

(b) Nguvu ya turbo ni kidogo? Chomoa waya wa valvu ya umeme ya APC, jaribu tena njiani. Kama kipimo hakibadiliki, hapo ndipo tunachunguza APC, nyaya zake na valvu. Lakini tukumbuke: esanse mbaya inafanya motere igonge, na APC inashusha nguvu hata kama hakuna kitu kilichovunjika.

(c) Nguvu imezidi na motere inakatika ghafula? Tazama ile tiyo ndogo ya kikopo. Ikitoka au ikipasuka, mlango haufunguki. Saab iko na kifaa cha kukata esanse hapo. Hapana kukiondoa! Kinalinda pistoni zisiyeyuke.

(d) Harufu ya esanse, motere ikiwa tayari moto? Pima kaptere ya joto la maji. Kwa digri 20 iwe karibu om 2500, kwa digri 80 karibu om 300. Pima pia nyaya zake. Kutu ndani ya plagi inaongeza om, na ubongo unafikiri motere ingali baridi.

Kuko fundi ambaye akiona nguvu ni kidogo anakaza chuma cha kikopo ili mlango uchelewe kufunguka. Gari linakimbia, mwenye gari anafurahi. Lakini ugonjwa umefichwa, na siku motere itakapogonga sana, si bei ya tiyo itakayolipwa, ni bei ya motere nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Sisi tunaokaa milimani

Bukavu iko karibu meta 1500 juu ya bahari, na hewa huko iko na nguvu ya bar 0,85 hivi. Kando ya bahari ni bar 1. Basi turbo ikiongeza 0,5, Bukavu tunapata 1,35 na kando ya bahari 1,5. Gari likipungukiwa nguvu kidogo milimani, si lazima liwe gonjwa.

Kwa hiyo tufuate utaratibu: macho kwanza, kisha hewa, kisha umeme, na mwisho soko.

MAULIZO YA KUJIJARIBU
1. Sababu gani ufa nyuma ya turbo unaleta moshi mweusi?
2. Tiyo ndogo ya kikopo ikitoka, nguvu itapanda ao itashuka? Eleza.
3. Kaptere ya maji inaonyesha om 2500 na maji ni digri 80. Ubongo utafanya nini?