Tuwafundishe Watoto Kunawa Wakati wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi hushika sana Njombe na Makete, na mafua huenea upesi. Kwa mtoto mdogo yaweza kuleta nimonia, ugonjwa unaoua.

Tuwafundishe watoto kwa vitendo. Tumpake mmoja mafuta kidogo na unga mikononi, kisha awape wenzake mkono. Wataona unga umehamia kwao: ndivyo vijidudu vinavyoenea. Wanawe kwa maji matupu, mafuta yatabaki. Wanawe tena kwa sabuni, sekunde 20; yatatoka. Tuwapashie maji moto kidogo, wasikimbie kunawa.

Mtoto akipumua haraka, au kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, tusingoje kesho. Tumpeleke zahanati mara moja.