Waya Ukutani, Saini Mezani: Niliyojifunza Tulipojadiliana na Kampuni ya Kebo Mji Mkongwe

1. Uliza kwanza ukuta ni wa nani

Kampuni ya televisheni ya kebo ilipoleta karatasi zake mtaani kwetu, mazungumzo yote yalikuwa bei ya mwezi na wingi wa chaneli. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya majirani. Nikachukua daftari, nikaongozana na sheha kupita mlango kwa mlango tukiuliza mwenye nyumba ni nani. Hii ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Ile ya Serikali. Ya pembeni ina warithi, wengine wako Muscat, mmoja Uingereza, na hawasemezani. Inayofuata imekodishwa ikafanywa hoteli. Anayetaka kebo ni mpangaji, lakini ukuta wa kutobolewa si wake.

Marekani, mji hutoza kampuni ya kebo kwa sababu njia na kando za njia ni mali ya mji. Sheria yao ya 1984 iliweka ukomo wa asilimia 5 ya mapato. Vichochoro vyetu havina nafasi ya nguzo. Kinachobeba waya ni kuta za watu, na rasimu tuliyoletewa haikuwataja wenye kuta hata kwa mstari mmoja. Tulidai kibali cha maandishi cha kila mwenye nyumba kabla ya tundu la kwanza. Wakanuna, kisha wakakubali.

2. Usitosheke na muhuri mmoja

“Vibali vyote tunavyo,” alisema mwakilishi wao, akatuonesha kimoja. Hapa Zanzibar utangazaji si jambo la Muungano. Una msimamizi wake, Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Simu na mawasiliano ni ya Muungano, yako chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sasa waya ule ule ukipitisha tamthilia na intaneti kwa pamoja, umeshagusa pande mbili. Juu ya hapo ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanza 1985, yenye kauli juu ya kinachoonekana nje ya jengo, hasa baada ya UNESCO kuuweka mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Manispaa nayo ina njia zake. Kila ofisi niliyoingia iliniambia, kwa adabu kabisa, niende nyingine. Sikuudhika sana, maana kila moja ilikuwa inasema kweli.

3. Andika namna ya kutoboa

Hapa ndipo tulipokesha. Rasimu ilisema kazi itafanywa “kwa ufundi unaostahili”. Ustahilifu wa nani? Fundi wao wa majaribio aliegemeza ngazi juu ya baraza la jirani, akawasha drili, na plasta ikadondoka mapande mapande; vumbi jeupe likaingia kwenye vikombe vya kahawa vya wazee waliokaa chini yake. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Msumari wa chuma hupata kutu kwa hewa ya bahari, kutu huvimba, plasta hupasuka. Fundi akiziba kwa saruji ameharibu zaidi, kwani saruji huzuia unyevu usitoke na ukuta huoza kwa ndani.

Basi tukaandika kama tunavyomwagiza mtoto dukani: vishikio visivyoshika kutu, waya upite chini ya ukingo wa paa au ufuate njia ya waya wa umeme uliopo, tundu lizibwe kwa chokaa, na mlango wa nakshi usiguswe kabisa. Mwanasheria wao alisema hajapata kuona mkataba wenye neno chokaa.

4. Kukatika umeme si ajali

Kifungu cha majanga kiliiondolea kampuni dhima ya vita, tetemeko na “kukosekana kwa umeme”. Watu wa Unguja walicheka. Kisiwa hiki kilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kikarudi tena gizani kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Mwenye kuuza huduma hapa lazima aufikirie umeme kabla. Tulikubaliana kwamba visanduku vyao vya kukuza mawimbi viwe na betri, na huduma ikikosekana zaidi ya siku tatu mfululizo, mteja apunguziwe ada.

5. Chaneli zitajipanga zenyewe

Vijana walitaka mpira, kina mama tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Nilisisitiza moja tu: ZBC, televisheni ya Shirika la Utangazaji Zanzibar, ionekane bila nyongeza. Visiwa vilivyokuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara ikisubiri hadi 1994, havifai kulipia zaidi kuiona ya kwao.

6. Jadili kuondoka siku ya kuingia

Tazama juu popote kati ya Darajani na Sokomuhogo: waya umelala juu ya waya, na mwingi umekufa zamani. Aliyeufunga hayupo, na hakuna anayethubutu kuukata asije akakata wa jirani. Tulidai kampuni iweke fedha za dhamana benki, zitumike kung'oa waya wake ikifunga biashara. Walikataa katakata, na nguvu ya kuwalazimisha hatukuwa nayo. Tulichopata ni lebo yenye jina la kampuni na mwaka kwenye kila waya, katika kila nyumba unayopita, na ruhusa ya sheha kuamuru uondolewe ukikaa miezi sita bila kutumika.