Msonge: Nyumba Inayotunzwa kwa Kujengwa Upya

Hapa Ngara na Biharamulo, akitajwa mtu "jengo la kale", wengi wetu tunafikiria boma la Wajerumani pale Biharamulo. Boma lina kuta nene, watu wanalipiga picha. Msonge, nyumba ya duara ya miti na nyasi waliyokaa mababu zetu, hatuuhesabu, kwa kuwa haudumu. Miti huliwa na mchwa, nyasi huoza. Je, kitu kama hicho kinaweza kuhifadhiwa?

Tuuangalie kwanza ulivyo. Katika msonge, paa na ukuta ni kitu kimoja. Fito hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, zikazungushiwa pete za fito nyembamba, moja juu ya nyingine, na ndani zikabebwa na nguzo. Msumari hakuna, kinachoshika ni fundo la kamba. Nyasi huanza kuwekwa chini, kila tabaka la juu likilalia la chini yake, ili maji yateleze nje. Moto huwashwa ndani, wala hakuna bomba la moshi. Moshi huo ni dawa: hukausha nyasi na kufukuza wadudu. Ndiyo maana msonge usiokaliwa huharibika upesi kuliko unaokaliwa. Ukiufunga kwa kufuli na kuweka kibao cha makumbusho, umeanza kuuua.

Kwa majirani zetu Waganda iko nyumba ya jamii hiyohiyo, kubwa mno: Muzibu Azaala Mpanga, kule Kasubi, Kampala. Kabaka Muteesa wa Kwanza aliijenga kama ikulu mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo. Upana wake ni kama mita 31. Chini ya paa zimefungwa pete 52, kwa idadi ya koo za Buganda. Waseminari watashangaa kidogo: humo pia amelala Mwanga wa Pili, ambaye chini ya utawala wake Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

UNESCO iliiandika Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 usiku, nyumba ikaungua. Nguzo, fito na nyasi vyote vikawa majivu. Kama urithi ungekuwa miti ile, habari ingeishia hapo. Lakini kuezeka Kasubi ni kazi ya ukoo wa Mbega, ambao Waganda huuita Ngeye, na ukoo huo ulikuwa bado una mafundi. Wakafundisha vijana, nyumba ikasimama tena, na mwaka 2023 Kasubi ikatolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wajapani walisaidia, nao ni watu wanaolielewa jambo hili: hekalu lao la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa mbao mpya na ufundi uleule.

Basilika ya Namugongo nayo imechukua umbo la nyumba ya Kiganda, ikiwa na nguzo 22 kwa heshima ya mashahidi 22. Ni jengo zuri. Hata hivyo chuma na zege vimetunza umbo tu. Havikumfundisha mtu kufunga fito.

Kwetu msonge ulipungua watu walipohamia vijijini miaka ya 1970, na bati likamaliza kazi. Hatulilaumu bati. Nani anataka kuamka usiku wa masika kusogeza kitanda kwa sababu ya kuvuja? Tunachohofia ni kwamba wazee waliowahi kujenga msonge kwa mikono yao wanazidi kupungua, na kila mazishi huenda yanazika mafundo ambayo hakuna mwingine anayeyajua.

Basi, kabla ya kuomba fedha za makumbusho, jumuiya ndogo ndogo zetu zinaweza kuanza na maswali. Nguzo zilikuwa za mti gani, na kwa nini mchwa waliuogopa? Nyasi zipi, zilikatwa mwezi gani? Waseminari walio likizo waandike majibu kwa Kihangaza na Kishubi kama yalivyotamkwa, kisha kwa Kiswahili. Kwa habari ya fundo, daftari halitoshi. Mzee apewe kamba na fito mbili, na kijana akae ubavuni pake, si mbele yake, aone mkono unavyozunguka.