Mtoto Akikataa Chakula cha Jioni, Tufanye Nini?

Katika somo hili tunataka tuongee juu ya vita vinavyopiganwa karibu kila jioni katika nyumba nyingi. Mama ametoka shambani, ameteka maji, amewasha moto, amesonga ugali na kupika mboga. Anapakua. Mtoto wa miaka 3 anatazama sahani, anafunga mdomo, anasema, "Sitaki hiyo." Baba anakemea. Nyanya anasema mtoto amedekezwa. Mama anainuka kumtafutia mkate na chai. Mwishowe kila mtu amekasirika na chakula kimepoa.

Tumeulizwa juu ya shida hii katika vikundi vingi, na kwa muda mrefu tulikuwa na jibu moja la haraka: "Mwacheni, njaa itamfundisha." Siku moja jibu hilo lilitutia aibu. Mama mmoja alituuliza juu ya msichana wake wa miaka miwili na nusu, ambaye alikuwa anakataa chakula cha jioni na kubandua udongo wa ukuta wa jikoni na kuula. Tulimjibu vile tulivyozoea, bila hata kumwangalia mtoto. Baada ya wiki tatu alirudi na mtoto mgongoni. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe. Walipoenda hospitali, kumbe alikuwa na minyoo, na damu ilikuwa imepungua sana. Alipotibiwa, hamu ya kula ilirudi. Mama hakutulaumu, lakini kosa lilikuwa letu.

Ndiposa somo la leo lina sehemu mbili. Kwanza tujifunze kumtambua mtoto mgonjwa. Halafu tuone vile tunaweza kumsaidia yule ambaye ni mzima lakini anachagua chakula.

KWANZA, HAKIKISHA SI UGONJWA

Kabla ya kumwita mtoto mtukutu, mwangalie vizuri kwa mwanga wa mchana. Mpeleke kliniki ukiona moja ya mambo haya:

- Viganja na ndani ya midomo vimekuwa vyeupe, au anakula udongo, mkaa au majivu.
- Ana homa, anaharisha, anatapika, ana vidonda mdomoni au anapata shida kumeza.
- Uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi, au unashuka.
- Miguu yote miwili imevimba, na ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki.
- Amelegea, hachezi kama kawaida yake.

Mtoto asiyeweza kunywa kabisa, au anayetapika kila kitu, asingoje kesho. Apelekwe mara moja.

Mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chenu anaweza kumpima mtoto mkono kwa ule utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani hatari kubwa. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, naye pia anahitaji kusaidiwa. Msisahau pia vitamini A kila baada ya miezi 6, tangu mtoto akiwa na miezi 6 hadi atimize miaka 5, na dawa ya minyoo kila miezi 6 akishapita mwaka mmoja.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba kati ya kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5, 18 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26. Tumepiga hatua, lakini hao 18 ni watoto wetu.

KAMA NI MZIMA, KWA NINI ANAKATAA?

Sababu ya kwanza ni kwamba hakui tena kwa kasi ile ya zamani. Mtoto mchanga huongeza uzito karibu mara tatu katika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili huongeza kama kilo mbili na nusu tu. Kwa hivyo hamu yake hupungua, na mama hushtuka bure.

Sababu ya pili ni umri. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula wasichokijua. Tena ulimi wa mtoto husikia uchungu kuliko wetu. Managu na saga ambazo wewe unaziona tamu, yeye anaziona kama dawa.

Sababu ya tatu tunaileta sisi wenyewe. Saa kumi na moja mtoto anapewa chai ya sukari na andazi. Saa moja tumbo limejaa, halafu tunasema hapendi ugali! Na chai hiyo ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo ndani ya mboga na maharagwe.

Sababu ya nne ni saa. Katika nyumba nyingi chakula huiva saa tatu usiku. Mtoto wa miaka 2 wakati huo anasinzia. Hakatai chakula, anataka kulala.

KAZI YA MZAZI NA KAZI YA MTOTO

Hapa ndipo kiini cha somo. Mzazi ana kazi yake, na mtoto ana yake.

Kazi ya mzazi ni kuamua chakula gani kitapikwa, kitaliwa saa ngapi na wapi. Kazi ya mtoto mzima ni kuamua atakula kiasi gani kati ya vile vilivyo mbele yake. Vita huanza tunapobadilishana kazi. Mtoto akiamua kipikwe nini, mama anapika sufuria mbili na pesa za chumvi zinanunua mkate. Mzazi naye akiamua kijiko cha mwisho kwa kiboko au kwa kumshika pua, mtoto anajifunza kuchukia chakula, na anaweza kupaliwa.

Wengine hushawishi: "Kula mboga nikupe biskuti." Tumefanya hivyo sisi pia. Lakini fikiria mtoto anasikia nini. Anasikia ya kwamba mboga ni adhabu na biskuti ni zawadi. Kumlisha akitazama simu pia hakusaidii, maana haoni anachokula wala hasikii tumbo likishiba.

MAMBO SITA YA KUFANYA NYUMBANI

1. Pika sufuria moja, lakini weka kitu kimoja anachokijua. Kama mboga ni ngeni, basi ugali uwe ule aliouzoea. Akila ugali tu leo, si vibaya. Usiinuke kumpikia kingine.

2. Weka chakula kigeni kidogo sana, kama ncha ya kidole, na usiseme neno. Asipokula, kirudishe siku nyingine. Huenda mtoto akahitaji kukiona na kukionja mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

3. Mpe sahani yake. Akila sahani moja na wakubwa, wenye mkono mwepesi humaliza. Tena hutajua amekula kiasi gani.

4. Chai na andazi za jioni ziache. Saa kumi mpe ndizi mbivu au kipande cha kiazi kitamu, halafu maji tu mpaka wakati wa kula.

5. Leta saa ya chakula mbele. Chemsha maharagwe au githeri mchana moto ukiwa umewaka, jioni ukaange tu. Mtoto mdogo ale kabla ya saa moja na nusu. Kama wakubwa wanamngoja baba, mtu mmoja akae na mtoto na ale naye kidogo.

6. Mtoe mtoto sehemu yake kabla ya kutia pilipili. Chumvi nayo iwe kidogo.

Kumbukeni pia tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kula mara 3 au 4 kwa siku na kitu kidogo katikati mara 1 au 2. Kila mlo uwe robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima. Kumjazia sahani ya mtu mzima ni kumtisha.

CHAKULA CHA JIONI CHA WIKI MOJA

Hivi ni vyakula vya kawaida vya huku kwetu. Badilisheni kulingana na shamba lenu.

Jumatatu: Ugali na omena. Mtoto akiogopa macho ya omena, zioshe, zikaushe kwenye sufuria bila mafuta, uzitwange ziwe unga, utie vijiko viwili katika mchuzi wa nyanya.

Jumanne: Githeri. Sehemu ya mtoto iponde pamoja na kiazi na majani ya malenge.

Jumatano: Viazi vitamu na ndengu, na kipande cha papai.

Alhamisi: Ndizi za kupika na mchuzi wa karanga zilizosagwa. Karanga nzima msimpe mtoto wa chini ya miaka 5, zinaweza kumkaba. Na zenye ukungu tupeni, msisage.

Ijumaa: Ugali na managu. Changanyeni na kunde ili kupunguza uchungu, na mtie maziwa vile nyanya zetu walivyofanya.

Jumamosi: Chapati na maharagwe. Unga ukandwe na malenge yaliyochemshwa na kupondwa. Chapati hutoka rangi ya dhahabu, na watoto huzigombania.

Jumapili: Wali, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, na yai lililopasuliwa ndani. Ndimu kidogo juu ya mboga husaidia mwili kupata madini ya chuma.

Jambo moja la mwisho juu ya kuficha mboga ndani ya chapati. Ni msaada mzuri kwa leo, lakini mtoto hawezi kujifunza kupenda kitu asichokiona. Kwa hivyo kando ya chapati weka kipande kidogo cha malenge yenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwetu chakula cha jioni huliwa saa ngapi? Ni nini kinatuchelewesha, na nani mwingine anaweza kusaidia?
2. Mtoto akikataa kula, baba hufanya nini? Nyanya je? Tunawezaje kuwa na sauti moja?
3. Ni mboga gani za kienyeji watoto wetu hawazijui tena?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama achague chakula kimoja ambacho mtoto wake hukataa. Akiweke kidogo kwenye sahani mara mbili kila wiki, bila kulazimisha, na apige alama ukutani kila mara. Katika mkutano, pikeni chakula kimoja pamoja, na watoto wakae mduara mmoja wale. Mara nyingi mtoto anayemkatalia mama hukubali akiona mwenzake anakula.

Na yule mtoto ambaye mmeona viganja vyeupe au mkono mwembamba, msimngojee mpaka mkutano ujao. Mpelekeni kliniki kesho asubuhi. Sisi tulingoja wiki tatu.