SOMO LA JUMA HILI: MPIRA WAKATI WA VITA

Wasomaji wetu wapendao mpira, tujiulize swali moja: vita vikiwachukua vijana, timu itafanya nini? Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, swali hili liliwakabili watu wa nchi nyingi.

Uingereza ilisimamisha ligi yake mnamo Septemba 1939, na Kombe la F.A. halikushindaniwa tena mpaka msimu wa 1945-46. Huko Marekani, vyuo vikuu vina mpira wao wa namna nyingine, ambao huchukuliwa mikononi. Mchezo wao mkubwa wa tarehe 1 Januari 1942 ulihamishwa kutoka Pasadena, upande wa magharibi, kwa kuogopa mashambulio ya Wajapani. Ulichezwa Durham, upande wa mashariki, na Oregon State wakawashinda Duke 20 kwa 16. Mwaka 1943 vyuo vingi havikuweka timu kabisa, kwa kuwa wanafunzi walikuwa jeshini.

Na kwetu je? Zaidi ya watu 90,000 wa Kenya walitumika jeshini. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Ethiopia mwaka 1941, Bukini 1942 na Burma 1944. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Pumwani, Shauri Moyo na Muthurwa, wengine walibaki wakifanya kazi za reli na za viwanda vya Industrial Area, ng'ambo ya njia ya gari moshi.

Hata hivyo, mpira haukufa. Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni, lilikuwa likishindaniwa na Kenya na Uganda tangu 1926. Kabla ya vita Uganda ndiyo iliyozoea kulitwaa. Lakini tazameni miaka ya vita: 1940 Uganda, 1941 na 1942 Kenya, 1943 Uganda, 1944 Kenya, 1945 Uganda. Kila upande ulishinda mara tatu. Tena mwaka huo wa 1945, Tanganyika nayo ikaingia mashindanoni.

Twajifunza nini? Wahenga walisema, mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Timu inayomtegemea mchezaji mmoja huyumba vivyo hivyo siku anapoondoka, awe amekwenda vitani, amehamishwa kazini au ameumia goti. Basi yafaa kila timu ifanye mambo matatu: iwafundishe vijana mapema kabla hawajahitajiwa; iwape nafasi ya kucheza, si kukaa kando tu; na iwe na zaidi ya mtu mmoja anayeweza kuwaongoza wenzake.

Jadilianeni: katika timu yenu, nahodha akiondoka kesho, ni nani atakayeshika mahali pake? Kama hamna jibu, anzeni kumfundisha mtu leo.